Kisu Kisichokata Siagi

Ijulikane kwa watu wote, waliopo na watakaozaliwa, ndani ya kaunti ya Somerset na nje ya mipaka yake, kwamba siku ya Lamasi, sikukuu ya ngano mpya, jua likiwa bado juu, katika kijiji cha Aldercombe ilitendeka jinai ambayo kwa ujasiri, ukatili na werevu wake haijapata kifani tangu Waingereza waanze kuibiana.

Kilichoibwa ni kisu. Hakikati hata siagi.

Ripoti hii imeandikwa na mimi, Clemency Yeo, mwanafunzi wa shule ya bweni niliyekuwa likizoni, karani rasmi wa upelelezi. Niliteuliwa na Inspekta Harriet Yeo wa kikosi cha upelelezi cha mkoa, ambaye naye alikuwa mapumzikoni, jikoni, akipika jamu. Haki inanilazimisha kutaja kwamba Inspekta huyo ndiye mama yangu mzazi. Katika ripoti hii simjui.

Mwenye mali ni Bibi Lettice Yeo, mama yake Inspekta, kuhani mkuu wa Wawika, ambao watu huwaita wachawi, wa Aldercombe tangu kabla Inspekta hajazaliwa. Msomaji asitishike. Bibi hamrogi mtu. Dini yake ni ya mwezi, majira na shukrani, na ubaya mkubwa kabisa aliowahi kumtendea binadamu ni kumwombea mvua jirani aliyekuwa akichoma matairi.

Madhabahu yake iko katika chumba cha mawe nyuma ya nyumba, ambamo zamani walikuwa wakitengenezea jibini. Asubuhi ile, baada ya chai, aliipanga kama apangavyo kila sikukuu: kitambaa cha rangi ya ngano iliyoiva, bamba la shaba lenye nyota katikati, kisahani cha chumvi kaskazini, kwa ajili ya ardhi, chetezo cha ubani mashariki, kwa ajili ya hewa, mshumaa mwekundu kusini, kikombe cha maji magharibi. Kando ya bamba akalaza kisu chenye mpini mweusi. Halafu akaenda kuyapumzisha magoti.

Aliporudi alasiri, kisu hakikuwepo.

Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaita, "Harriet! Njoo, mwanangu. Na uuache huo mwiko."

Inspekta alikuja na mwiko.

Hapa lazima nieleze uzito wa kesi, maana kuna watu watasema kisu ni kisu. Kisu cha mpini mweusi hakikatiwi kitu. Kukata mimea na nyuzi ni kazi ya kisu kingine, cha mpini mweupe, ambacho kilikuwa palepale kwenye droo na mwizi hakukigusa. Cha mpini mweusi huchora duara la ibada hewani, basi. Lakini jioni ile, jua likizama, Bibi alikuwa aikabidhi madhabahu yake kwa Bi Merryn Chugg, na kwa desturi ya kundi lao anayetoka humtia anayeingia kisu hicho mkononi. Hakiazimwi. Hakinunuliwi dukani siku hiyo hiyo. Kisu kipya hutakaswa tangu mwezi mchanga hadi mwezi mchanga mwingine ndipo kifae.

Na Bibi alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hatoki Aldercombe kabla kisu hakijapokelewa. Jumamosi lori lilikuwa linakuja kumhamishia Swanage, kwa dada yake, kwenye nyumba ya ghorofa yenye lifti.

Kwa hiyo: bila kisu hakuna makabidhiano, na bila makabidhiano hakuna Swanage. Msomaji aliweke hilo akilini. Mwizi alikuwa ameliweka.

Inspekta alitufukuza sote mlangoni akaingia peke yake, taratibu, akitazama sakafu.

"Andika," aliniambia bila kugeuka.

Nikaandika. Mlango: hauna kufuli, haujawahi kuwa nalo. Dirisha: dogo, la kupita paka mwembamba, paka wa nyumba hii si mwembamba. Sakafu: unyevu chini ya meza, punje za chumvi kwenye nyufa za mawe, kipande cha nta nyekundu kilichomeguka. Kona: mganda mkubwa wa ngano uliofungwa utepe, umesimama kama mgeni aliyeambiwa akae akasema hapana asante.

"Na vitu vimegeuzwa," alisema Bibi kwa sauti ya chini.

Vilikuwa vimegeuzwa kweli. Kikombe kilikuwa mashariki na chetezo magharibi. Chumvi ilikuwa kusini na mshumaa kaskazini. Kitambaa kilikuwa kimenyooka, kila chombo kimesimama vizuri, ila kila kimoja kilikuwa kwenye kiti cha mwenzake.

Inspekta alichuchumaa, akagusa unyevu, akanusa kidole. Akainuka akachungulia ndani ya kikombe.

"Mwizi alivuta kisu, kikanasa kwenye nyuzi za kitambaa, vyombo vyote vikaporomoka," alisema. "Maji yakamwagika. Kisha akafuta sakafu, akatandika kitambaa, akapanga vitu, akaenda kujaza kikombe tena." Alikirudisha kikombe polepole. "Wezi wangu wa kazini hawajazi maji."

Alama za vidole zilitafutwa kwa unga wa kakao na brashi ya kupakia mayai juu ya mikate. Zikapatikana za Bibi, na za Inspekta mwenyewe, ambaye alikuwa amesahau kwamba ana jamu vidoleni. Zingine zilikuwa zimefutwa pamoja na maji. Chumba kilinukia vizuri sana.

Mshukiwa wa kwanza kuhojiwa, kwa ubaguzi wa wazi, nilikuwa mimi.

"Baada ya chakula cha mchana ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwa Bibi. Nafunga vitabu kwenye maboksi."

"Umefunga maboksi mangapi?"

"Moja."

"Tangu mchana?"

"Bado halijajaa."

Inspekta alinikumbusha rekodi yangu. Chumvi kwenye bakuli la sukari la walimu. Baiskeli ya mwalimu mkuu juu ya mlingoti wa bendera. Tangazo, lililosomwa kanisani shuleni kwa heshima zote, kwamba askofu mgeni ameshikwa na tetekuwanga. Nilisema rekodi hiyo ilikuwa ya kipindi kilichopita na kwamba binadamu hukua.

"Mizaha yako naijua," alisema. "Ukishafanya, hukai mbali. Unabaki karibu ili ucheke." Alinitazama usoni. "Leo hucheki."

Akalifuta jina langu. Nilimshukuru kwa niaba ya sheria.

Mshukiwa wa pili aliwasili mwenyewe, amebeba ushahidi wa mwenendo wake mwema: mkate wa Lamasi, uliosukwa kama mganda, bado wa moto, umefunikwa taulo. Bi Merryn Chugg ni mpishi wa shule ya kijiji, mwanamke wa mabega mapana, mwenye sauti ya kuwaita watoto watoke uwanja wa pili wakiwa wameshanawa mikono. Inspekta alimketisha jikoni, kati ya chupa za jamu. Zilikuwa chupa nyingi mno, za kumtosha mtu mmoja hadi azeeke upya.

"Bi Merryn. Kisu unakitaka?"

"Nimekuwa kwenye kundi tangu nikiwa msichana. Kila mtu anajua ni zamu yangu."

"Nimeuliza kama unakitaka."

Bi Merryn aliufunika mkate vizuri zaidi, ingawa ulikuwa umeshafunikwa.

"Jana niliomba kipotee," alisema. "Kidogo tu. Mpaka nizoee."

"Na leo kimepotea."

"Kuomba si kuiba, Harriet. Nikiomba mvua, utanishtaki kwa mafuriko?"

"Unaogopa nini?"

"Namwogopa mama yako. Si yeye, kiatu chake. Mguu wangu haukijazi." Aligeuka akamtafuta Bibi kwa macho. "Yeye akisimama pale, hata inzi wanatulia. Mimi nikisimama, naona nagawa wali."

Inspekta alimwamini. Mimi pia, na nilikuwa na sababu zangu. Kosa likawa kumruhusu aione madhabahu. Aliomba tu auweke mkate mahali pake, akaingia, na tukasikia taulo likianguka.

Alipotoka uso wake ulikuwa wa unga.

"Maji mashariki, moto kaskazini," alisema. "Imenipa kisogo. Niliomba kipotee, na imesikia, na imenijibu." Akamwekea Bibi mkate mapajani. "Lettice, tafuta mwingine."

"Mwingine nani?" Bibi alimwuliza. "Mchungaji?"

Siku nyingine Bi Merryn angecheka hadi ashike ukuta. Safari hii alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha nje, magoti pamoja, kama mtoto aliyeambiwa angoje wazazi wake waje kumchukua. Bibi alibaki na mkate. Nilimwona akiuangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mzee kwa umri wake hasa. Alitumia miaka kumlea mtu wa kumwachia nyumba ya miungu yake, na mtu huyo alikuwa amevunjika mbele yake kwa ajili ya kikombe kilichowekwa upande usio wake.

Wakati huo karani alishikwa na kikohozi, akatoka nje kidogo.

Mshukiwa wa tatu nilikutana naye langoni. Mchungaji Aubrey Sprake ni mrefu, amejikunja kidogo kwa sababu ya milango ya Aldercombe, na suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani. Alikuja kuchukua mganda. Lamasi ni sikukuu ya kanisa pia, na kwa makubaliano ya zamani kati yake na Bibi, mganda mmoja huhudumia pande zote mbili: kwanza kwa Bibi, halafu kanisani kwa ibada ya Jumapili. Kila mwaka huuchukua kesho yake. Mwaka huu akina mama wa maua walikuwa wanapamba kanisa jioni ile ile, naye, kama alivyosema, anamwogopa Mungu na akina mama wa maua, si lazima kwa mpangilio huo.

Inspekta alimhoji akiwa amesimama.

"Unaipinga dini ya mama yangu?"

"Kila Alhamisi, nikiwa na kipande cha keki yake mkononi."

"Mchana huu ulikuwa wapi?"

"Nikimwosha mbwa. Mashahidi ni mbwa na hii suruali."

"Una sababu yoyote ya kutaka kisu kisikabidhiwe?"

Mchungaji alijaribu kuizungusha kofia yake, akakumbuka kwamba ameivaa.

"Ninayo," alisema. "Akienda Swanage nitacheza drafti na nani? Waumini wangu wote wananiachia nishinde. Yeye ananichapa na ananicheka."

"Ukicheza vibaya nifanyeje?" Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake, kando ya mlango wa chumba cha mawe.

Inspekta alikifunga kitabu nilichokuwa nikiandikia. Alisema kwamba kila mtu katika kijiji hiki ana sababu ya kuiba kile kisu, na akitaka kuwakusanya washukiwa itabidi akodi ukumbi.

"Na wewe?" Bibi aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeitafuta hiyo nyumba yenye lifti, Mama."

"Najua. Nimeuliza tu."

Inspekta alianza kukwangua jamu iliyokauka kwenye mwiko. Mchungaji, kwa adabu, akaamua kwamba ni wakati wa kuchukua ngano yake na kwenda. Aliingia chumba cha mawe, akaukumbatia mganda kwa mikono miwili, akaunyanyua.

"Uache!" nilisema.

Watu wote waligeuka. Nikaeleza, kwa utulivu unaostahili cheo changu, kwamba mganda ni sehemu ya eneo la tukio. Kwamba kuuhamisha ni kuharibu ushahidi. Na kwamba, ikilazimika kabisa, niko tayari kuubeba mwenyewe hadi kanisani, polepole, bila kutikisa.

Inspekta alinitazama. Lazima nikiri kwamba mimi ni mtu ambaye tangu likizo ianze sijabeba hata sahani yangu mwenyewe hadi kwenye sinki.

"Uweke chini, Mchungaji," alisema. "Karani wangu amesema sheria."

Jua lilikuwa limeanza kuuegemea mlima. Kisu hakijapatikana, Bi Merryn bado yuko kizingitini. Inspekta akasema basi angalau madhabahu irudishwe ilivyokuwa, ili mtu aweze kuiangalia bila kutetemeka. Bibi alitaka kuinuka, magoti yakakataa.

"Kaa, Mama. Nitaipanga mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Inspekta hajawahi kuigusa ile madhabahu mbele yangu. Aliiacha dini ya mama yake akiwa na umri kama wangu, akaenda kuishika sheria, na kila sikukuu akija hubaki jikoni na kupika kitu kisichohitajika.

Alivihamisha vyombo vyote dirishani. Alikung'uta kitambaa, akakitandika. Akasimama pale anaposimama Bibi, mgongo kwa mlango, uso kaskazini. Mikono yake ilisita juu ya meza kidogo, halafu ikaanza kwenda yenyewe, haraka, kama mikono isukayo nywele huku mdomo unazungumza habari nyingine. Bamba. Chumvi. Chetezo. Mshumaa. Kikombe.

Akarudi nyuma aangalie.

Maji yalikuwa mashariki. Moto kaskazini.

Bi Merryn alikuwa ameshasimama mlangoni. "Imerudia," alinong'ona.

"Haikurudia kitu." Inspekta alikuwa anaiangalia mikono yake kana kwamba imekamatwa na mtu mwingine. "Hii ni kazi yangu."

Kisha alizunguka meza, akapita kwenye ule mwanya kati yake na ukuta wa kaskazini. Pale chini ya dirisha kuna kigoda cha miguu mitatu, kifupi, kilichong'arishwa na makalio ya miaka mingi. Akakikalia. Magoti yalimfika kidevuni.

"Nilikuwa nakaa hapa," alisema. "Mama anasimama pale, mimi hapa, uso kwa uso, ananipa vitu kimoja kimoja niviweke. Chumvi karibu na magoti yangu. Mshumaa mbali, nisiungue. Kikombe mkono wangu wa kulia." Aliinua mkono wa kulia, kuelekea magharibi. "Bi Merryn, nisikilize. Hakuna aliyekupa kisogo. Aliyepanga hii madhabahu mchana aliipanga sawasawa kabisa, kama alivyofundishwa. Ila alisimama upande wa mlango, na alijifunzia upande huu."

Mchungaji alivua kofia.

"Mama," Inspekta alisema, "kigoda hiki wamekikalia wangapi?"

"Wawili," Bibi alijibu. "Wa kwanza amekikalia sasa hivi."

Msomaji mwerevu atataka kujua karani alikuwa akifanya nini. Karani alikuwa akivunja ncha ya penseli.

Inspekta hakunyanyua sauti. Nilitamani angenyanyua.

"Clem. Nenda kwenye mganda. Mkono wako unajua."

Nilikwenda. Niliingiza mkono katikati ya mabua hadi kiwiko, nikakitoa kisu cha mpini mweusi, kikiwa na makapi kwenye ala. Nilikiweka juu ya viganja vyote viwili, maana hakishikwi kiholela.

"Hukukitoa nje," alisema Bibi.

"Hakitoki humu bila wewe. Ulinifundisha."

"Nilikufundisha pia kutokiiba."

"Hilo sikumbuki ulilisema."

"Sikudhani litahitajika."

Inspekta alibaki pale kigodani, magoti kidevuni, akaendesha mahojiano yake ya mwisho kutoka huko chini, na niseme ukweli, hajawahi kutisha vile.

"Unakiri?"

"Nakiri."

"Ilikuwa mzaha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mzaha una adhabu zake, nazifahamu zote, kuna mpaka viatu vya walimu ambavyo nimevipiga rangi mara nyingi kuliko wenyewe. Lakini alikuwa ameshanisomea mchana wangu wote kwa maneno mawili: leo hucheki.

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Maelezo ya mshtakiwa yananukuliwa hapa kama yalivyotolewa, ingawa hayana mpangilio. Mshtakiwa alisema kwamba shuleni, mwisho wa muhula, watu huulizana, wewe nyumbani kwenu wapi? Kwamba kazi ya Inspekta imetuhamisha nyumba nyingi, zote zina funguo na hakuna iliyo na harufu. Kwamba mshtakiwa, akiulizwa, hujibu Aldercombe, na akisema Aldercombe hafikirii kijiji kizima bali kigoda kimoja na mikono ya Bibi ikija juu ya meza na kitu ndani yake. Kwamba mshtakiwa alidhani kisu kikikosekana mpaka mwezi mwingine, lori litachoka kungoja.

"Swanage hakuna kigoda," nilisema. "Kuna lifti."

Wakati huo macho yangu yalikuwa yakitoka machozi, kwa sababu ya moshi wa ubani.

Wa kwanza kusogea alikuwa Bi Merryn. "Kwa hiyo haikuwa mimi."

"Samahani, Bi Merryn. Hata sikukufikiria."

"Hilo ndilo baya zaidi," alisema, akanichapa kofi dogo la kisogoni lililoniachia unga kwenye nywele. Kisha akaokota taulo, akalikung'uta, akaenda kumnyang'anya Bibi mkate wake.

Bibi alikuwa akimwangalia Inspekta.

"Nilipoingia tu nilijua," alisema. "Nilipoona chumvi iko kusini. Ila nilikuwa na washukiwa wawili." Alipangusa makombo ya mkate mapajani. "Alasiri nzima nilidhani ni wewe, Harriet, hata nikashindwa kumwambia Merryn ukweli. Nikafurahi."

Inspekta aliuangalia mwiko wake, ambao hakuna aliyejua kwa nini bado alikuwa nao.

"Mimi nilikuwa napika jamu."

"Jamu ya nani?"

"Ya Swanage," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa ya polisi. "Zote ni za Swanage. Sikujua nikupe nini kingine."

Mchungaji alitangaza kwamba anakwenda kuangalia kama mbwa amekauka. Mbwa hakuwepo.

Hukumu ilitolewa na Bibi, akiwa ameketi. Mshtakiwa aipange madhabahu, mara ya mwisho chini ya jicho lake.

"Si hapo," aliniambia niliposimama upande wa mlango. "Pita upande wako."

Inspekta alinipisha kigodani. Kimekuwa kidogo kwangu. Nilikaa nikiwa nimekunjika kama barua. Bibi alishikwa mkono na Bi Merryn akasimama mbele yangu, ng'ambo ya meza, akanipa kitu kimoja kimoja. Chumvi karibu na magoti. Mshumaa mbali, nisiungue. Chetezo kushoto. Kikombe kulia. Kila kitu kilianguka mahali pake bila mimi kufikiri, na nilipoinua macho Bibi alikuwa akitabasamu, na nilijua kwamba kutoka upande wake kilikuwa sawasawa vilevile.

Jua lilipozama kundi lilikuwa limeshafika. Bibi alikitia kisu mkononi mwa Bi Merryn Chugg, na Bi Merryn akachora duara kwa sauti ile ile ya uwanja wa pili, na inzi wakatulia. Mchungaji alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, kulinda mganda wake, alisema. Inspekta alisimama naye, halafu sijui lini, akawa amesimama ndani.

Jumamosi lori lilikuja. Lilichukua maboksi ya vitabu, ambayo nilikuwa nimeyafunga yote, na chupa za jamu, na Bibi kiti cha mbele akimwelekeza dereva njia ambayo dereva aliijua. Juu kabisa ya mzigo, kimefungwa kwa utepe wa mganda, kilikaa kigoda.

"Huko kuna meza ya kutosha dirishani," Bibi aliniambia kabla mlango haujafungwa. "Nitasimama upande mmoja. Wa pili nani ataukalia, paka?"

Adhabu yangu nyingine ilikuwa kuandika ripoti hii, kamili, bila uongo hata mmoja. Mama aliisoma jana mezani. Aliirudisha ikiwa na alama moja tu ya kalamu, pembeni ya pale nilipotaja moshi.

"Ubani," ameandika, "ulikuwa bado haujawashwa."

Ni kweli. Chetezo kilikuwa baridi.

Nakiri.